Mume wangu kafungua mlango wetu bila ufunguo, sasa silali

*Mzee wa Kaunta aliuza vifaa vya ujenzi kwa miaka mingi mjini Dodoma. Katika safu hii anajibu barua za wasomaji kuhusu nyumba, vyombo vyake na watu wanaoishi humo.*

Mzee wa Kaunta, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tunaishi Nkuhungu, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tumepanga, uani kuna wapangaji wengine, na baba mwenye nyumba anakaa Kikuyu, hapahapa Dodoma. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, kila asubuhi anapanda gari kwenda Mtumba. Hanywi, hachezi kamari, jioni yuko nyumbani. Nayasema haya mapema, kwa sababu nitakayoyaeleza yanaweza kukufanya udhani nimeolewa na jambazi.

Tangu mwaka jana anajifunza kufungua vitasa bila ufunguo. Alianza na kufuli ndogo za shaba. Usiku mimi nasahihisha madaftari, yeye anaangalia video na kuchokonoa. Nikanyamaza, maana kelele hana. Sasa amehamia kwenye silinda, kile kipande cha kitasa kinachopokea ufunguo, za zile funguo bapa zenye vishimo, zinazouzwa kwa jina la funguo za kompyuta. Anasema hizo ndizo zenyewe, zile za mwanzo zilikuwa chekechea. Vijichuma vingine ameagiza, vingine amevisugua mwenyewe kwa tupa kutoka kwenye vyuma vya waipa za gari. Meza ya kulia imejaa pini na springi. Juzi mtoto alitema springi katikati ya wali.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Jumapili moja natoka kanisani, namkuta amepiga magoti nje ya mlango wetu wa mbele. Mlango umefungwa na ufunguo uko ndani, ameuacha makusudi. Ananiambia, "Subiri uone." Mara kitasa kikalia, mlango ukafunguka. Yeye akashangilia kama Yanga wamefunga dakika ya tisini. Mimi tangu siku ile nikisikia upepo unagonga bati naamka. Kitasa kile baba mwenye nyumba alitusifia wakati tunalipa kodi, akasema ni cha kisasa, hakuna mwizi wa kukiweza. Mtu wa mafaili akikiweza kwa vijiti, mwizi mwenyewe je? Na hizo video si ndizo zinazowafundisha wezi?

Halafu mpangaji mwenzetu akapoteza ufunguo wa kufuli ya mlango wake. Wanawe wakaja mbio kumwita mume wangu, akaenda, akaifungua, ua mzima ukapiga makofi. Tangu hapo watoto wa mtaani wanamwita Funguo Bandia. Habari zikafika Kikuyu. Baba mwenye nyumba hakumpigia yeye, alinipigia mimi: "Mama, hivi huyo mumeo anafanya kazi gani hasa?"

Naomba unisaidie. Sheria inamruhusu? Mlango wetu uko salama? Na nimwambie aache? Dada yangu wa Singida anasema vile vijichuma nivitupe chooni, yaishe.

Barua hii mume wangu ameisoma kabla sijaituma, naye ana swali lake. Amenunua silinda mpya ya vishimo, akiichokonoa inageuka kidogo tu halafu inakwama palepale, haiendi mbele. Anauliza anakosea wapi.

Mama Watoto Wawili, Nkuhungu

---

Marahaba, mwanangu. Chooni usivitupe. Vimenunuliwa kwa hela ya nyumba, na shimo likiziba dada yako hatatoka Singida kuja kulizibua.

Barua yako ina mengi, lakini mimi nimekwama na ninyi pale mlangoni, Jumapili ile. Wachezaji wa mchezo huu, maana kwa wenzetu ni mchezo kamili wenye klabu na mashindano, wana kanuni mbili ambazo mgeni anaambiwa kabla hajakabidhiwa kifaa. Ya kwanza: fungua kitasa chako, au cha mtu aliyekuruhusu kwa kinywa chake. Ya pili: usiguse kitasa kinachotumika, hata kiwe chako. Wajerumani wana klabu yao tangu mwaka 1997, inaitwa Sportsfreunde der Sperrtechnik, na Waholanzi wana Toool. Kote huko utakutana na kanuni hizo hizo.

Sasa kitasa cha mlango wenu ni cha nani? Ninyi ni wapangaji. Kitasa ni cha baba mwenye nyumba, pamoja na mlango, fremu na bati la juu. Na kinatumika kila siku, ndicho kilichosimama kati ya watoto wako na barabara. Kwa hiyo mumeo alizivunja kanuni zote mbili kwa goti moja, na kwa jinsi alivyoshangilia nadhani hakujua kwamba amevunja chochote. Na jambo hilo halimhusu yeye peke yake. Kitasa kinachotumika kina hatari nyingine ambayo video hazionyeshi, kwa sababu aliyekwama huwa harushi video yake. Vijichuma vile ni vyembamba. Ncha ikikatikia ndani ya tundu, au springi ikipinda, hata ufunguo wenyewe hauingii tena. Ingekuwa hivyo, ungerudi kutoka kanisani ukakuta mume nje, ufunguo ndani, na fundi wa kuvunja mlango anadai malipo ya Jumapili.

Kwa hiyo mchezo abaki nao, lakini mlango wa mbele aufute kabisa kwenye orodha yake. Hilo nalisema bila kumung'unya.

Twende kwenye usingizi wako. Kitasa kile hakikudhoofika siku mumeo alipokifungua. Kilikuwa hivyo tangu kilipotoka kwenye boksi, ila wewe ulikuwa umekopeshwa maneno ya mwenye nyumba. Nikueleze kilivyo ndani, labda hakitakutisha kama sasa. Silinda ina ganda ambalo halizunguki na kiini kinachozunguka. Katikati yake kuna pini zilizosimama mbilimbili: ya mbele inagusa ufunguo, ya nyuma inasukumwa na springi. Ufunguo usipokuwemo, pini za nyuma zimeingia nusu kwenye kiini na nusu kwenye ganda, na hapo kiini hakiwezi kugeuka. Ufunguo sahihi ukiingia, kila jozi inasogezwa mpaka pale pini mbili zinapoachana panakaa sawasawa kwenye mpaka wa kiini na ganda. Hakuna kinachozuia tena, kinazunguka. Wamisri wa kale walikuwa na kufuli za mbao zenye wazo hilohilo, na Mmarekani Linus Yale mdogo ndiye aliyeliweka kwenye umbo dogo la chuma tunalolijua, miaka ya 1860.

Ufunguo wa vishimo haukubadilisha wazo. Badala ya meno ya pembeni, urefu wa kila pini umechorwa kama shimo kwenye ubapa wa ufunguo, shimo la kina hiki na shimo la kina kile. Kampuni ya Bauer ya Zurich, ambayo baadaye ilijulikana kama Kaba, ilitoa ufunguo wa namna hiyo mwaka 1934, na uzuri wake ni kwamba unaingia upande wowote, hata gizani hubabaiki. Baadaye wengine wakaongeza mbwembwe. Mul-T-Lock ya Israeli, iliyoanza mwaka 1973, ilijulikana kwa pini iliyomo ndani ya pini nyingine, yaani kila tundu lina kazi mbili. Silinda ya namna hiyo mumeo aiache kwanza.

Kumbe basi ufunguo wenye vishimo si cheti cha ubora. Kuna silinda ya vishimo iliyotengenezwa kwa makini, pini zimebana, na kuna nyingine imekatwa ovyo kiasi kwamba pini zinacheza ndani kama meno ya mtoto wa miaka sita. Ukizitazama kwa nje zote zinang'aa. Pale kaunta wateja walikuwa wakiuliza "ipo ya kompyuta?" na wakionyeshwa mashimo wanalipa. Nadhani baba mwenye nyumba naye alinunua hivyo, na hakukudanganya, alirudia alichoambiwa.

Sasa mwizi. Mumeo alijifunza jioni baada ya jioni, kwenye taa, amekaa kitako. Mwizi wa mtaani hana subira hiyo na hana haja nayo. Anabeba mtaimbo, au mkasi mkubwa wa kukatia kufuli, au anatafuta dirisha ambalo nondo zake zimeshikwa na saruji ya mchanga mtupu. Anapenda zaidi mlango ulioachwa wazi mchana, na ufunguo uliochongeshwa na mpangaji aliyehama. Hili la mwisho ulifikirie sana. Walioishi humo kabla yenu walirudisha funguo zote? Na fundi aliyefunga mlango? Mimi ningekuwa wewe, hilo lingeniamsha usiku kuliko vijiti vya mumeo.

Umeuliza kama video zinafundisha wezi. Ugomvi huo ni wa zamani kuliko umeme. Kule London, duka la Bramah liliweka kufuli dirishani kuanzia mwaka 1790, na maandishi yakiahidi gini 200, hela ya Kiingereza ya enzi hizo, kwa atakayeifungua. Ilikaa pale zaidi ya miaka 60. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya kimataifa, akaja fundi wa Kimarekani, Alfred Charles Hobbs. Aliifanyia kazi kwa saa 51 zilizogawanywa ndani ya siku 16, ikafunguka. Kabla ya hapo alikuwa ameshafungua kufuli ya Chubb ambayo Waingereza waliiamini kupita kiasi, na hiyo ilimchukua kama dakika 25. Magazeti yaliwaka moto: wengine wakasema mtu huyu anawapa wahalifu elimu, wengine wakasema heri tujue sasa kuliko kujua baada ya kuibiwa. Mimi niko na hao wa pili. Wezi hawakuwa wakimngojea Hobbs, lakini wenye maduka ya vito walikuwa wamelala usingizi wa pono juu ya kufuli ambayo hakuna aliyewahi kuipima kwa dhati.

Kitu cha kufanya ni kubadilisha silinda, na ni kazi ndogo. Fungua mlango, tazama ubavuni, pale ulimi wa kitasa unapotokea. Kuna skrubu moja ndefu iliyo usawa wa tundu la ufunguo. Ifungue yote. Ingiza ufunguo, geuza kidogo sana mpaka kile kijino cha katikati kilale usawa wa silinda, vuta, inatoka. Ipime kutoka kwenye tundu la ile skrubu kwenda kila mwisho, uende na vipimo hivyo dukani: 30 kwa 30, 35 kwa 35, au pande zisizolingana, ni milimita. Bora zaidi nenda nayo mkononi. Silinda isitokeze nje ya sahani ya kitasa. Ikitokeza, mtu anaishika kwa koleo na kuivunja katikati, palepale penye tundu la skrubu, maana ndipo chuma kilipo chembamba. Kuivunja namna hiyo hakuhitaji darasa lolote. Kama duka lina zenye kinga ya kuvunjwa na kutobolewa, na hela ipo, chukua hizo. Mkishafunga mpya, mfunge mlango mizunguko miwili kila usiku. Ulimi unaingia ndani zaidi ya fremu, na anayechokonoa akimaliza mzunguko wa kwanza pini zinarudi mahali pake, anaanza upya. Tazama pia lile bati la kwenye fremu linalopokea ulimi. Mara nyingi limeshikwa na skrubu fupi za kuning'inizia picha. Weka ndefu.

Lakini usibadilishe kitu kabla ya kwenda Kikuyu.

Baba mwenye nyumba alikupigia wewe kwa sababu hakujua amwambie nini mumeo. Aende mumeo mwenyewe, siku ya mapumziko, na asiende mikono mitupu. Achukue zile silinda zake za mazoezi, azifunge kwenye kipande cha ubao, aende nazo pamoja na risiti zake. Amwonyeshe. Wazee wa rika letu wanapenda kuona kitu kilivyo ndani, na sidhani kama atamaliza soda kabla hajaomba ajaribu mwenyewe. Halafu aseme waziwazi kwamba alijaribu kitasa cha mlango, kwamba kilifunguka, na kwamba hatakigusa tena. Aombe ruhusa ya kuweka silinda mpya kwa gharama yenu. Ya zamani mtaihifadhi na kuirudisha siku mkihama, au abaki na hiyo mpya mkatane kwenye kodi, mtakavyoelewana. Ufunguo mmoja wa akiba mwulizeni kama anautaka. Asiende kumwambia kwamba aliuziwa kitasa kibovu. Atajua mwenyewe.

Hapohapo kuna sheria, na usiipuuze. Kumiliki vifaa na kuvitumia mezani kwako kwenye vitasa vyako, mimi sioni kosa. Hatari iko kwenye kubeba. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na ni juu yake yeye kuthibitisha kwamba sababu anayo. Sasa mfikirie mumeo amechelewa kutoka Mtumba, saa tatu usiku, kwenye begi ana vijichuma vyake na silinda isiyo na ufunguo, anakutana na doria. Aanze kuwaeleza habari za Wajerumani? Vifaa vikae nyumbani, kwenye boksi moja pamoja na risiti, na asiende navyo kazini hata kumwonyesha rafiki. Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: kisheria "kuvunja" nyumba hakudai kitu kivunjike. Kufungua mlango kwa ufunguo, kwa kuusukuma au kwa njia nyingine yoyote kunahesabika, kukiwa na nia ya kutenda kosa. Kwa hiyo utetezi wa "sikuharibu kitu" hausaidii. Kinachomsaidia ni kwamba kitasa ni chake na watu wanajua hivyo. Mkishatoka Kikuyu, apite kwa mwenyekiti wa mtaa amweleze kwa maneno machache. Siku kuku wa mtu akipotea, mwenyekiti awe ameshasikia habari kutoka kwa mwenyewe kabla ya kuzisikia kwa watoto.

Kwa jirani yenu aliyepoteza ufunguo, mumeo alifanya wema, simlaumu. Ila wema huo una mkia. Leo ni mama unayemjua na wanawe wako pale. Kesho anakuja kijana anasema, "Shemeji, nimefungiwa nje," kumbe chumba ni cha aliyemfukuza. Mumeo atajuaje? Fundi wa funguo wa mjini ana meza yake, watu wanamjua, na akiwa makini anadai kuona kitambulisho au mwenye nyumba. Mumeo hana meza. Jibu lake liwe moja kwa wote: "Mwite fundi, au mwite mwenye nyumba na mjumbe waje wasimame hapa." Wakija wote wawili na mwenye chumba yupo, afanye akipenda, na asipokee hela. Akianza kupokea hela huo si mchezo tena, ni kazi, na kazi ina taratibu zake.

Kuhusu kumwambia aache, naona umeshajijibu mwenyewe uliponiandikia kwamba jioni yuko nyumbani. Mdai meza. Ndiyo, meza yako ya kulia. Anunue sinia pana lenye kingo, alitandike kitambaa cheupe, afanyie kazi yote humo, na likiisha zoezi sinia linapanda juu ya kabati. Springi za silinda ni ndogo na zinaruka mbali, na mtoto aliyetema moja leo anaweza kumeza nyingine kesho. Hili mimi naliona kubwa kuliko maneno ya watoto wa mtaani. Kama hataki sinia, hapo sasa mpigie dada yako.

Nije kwa bwana mwenyewe, maana najua anasoma begani kwako.

Bwana, silinda inayogeuka kidogo kisha ikakwama haijakukatalia, imekutega. Pini za nyuma ndani yake zina kiuno, zimekatwa nyembamba katikati. Ukikaza kiini, yaani kukibana kuelekea kinakogeukia, na kusukuma pini, kiuno kinanasa kwenye mpaka, kiini kinasogea nyuzi chache, unadhani umefika. Hujafika. Ukiendelea kukaza kwa nguvu unazidi kuzinasa, na hapo unaweza kukaa mpaka jogoo. Punguza mkono unaokaza mpaka ubaki kama unashikilia tu. Gusa pini moja moja kwa utaratibu. Ukiifikia iliyonasa, utasikia kiini kinataka kurudi nyuma kidogo. Wanaoanza wanaogopa hapo, wanakaza zaidi kuzuia kisirudi. Wewe kiache kirudi, ukiwa bado umekishikilia kwa mbali, na uendelee kuisukuma pini ileile mpaka kiuno kipite na pini ikae. Huenda moja au mbili ulizokwisha kuziweka zikadondoka. Ziweke tena, ndivyo ilivyo.

Silinda za vishimo zina ugumu wao mwingine. Pini zinasafiri umbali mfupi sana, kwa hiyo ni rahisi kuisukuma moja ikapitiliza, na iliyopitiliza hairudi mpaka ulegeze kila kitu. Tundu ni pana upande mmoja na jembamba upande mwingine, kwa hiyo kijichuma cha kawaida cha kunyanyua hakina nafasi ya kufanya kazi. Ndiyo maana wanatumia chenye kibendera mwishoni: unakiingiza kikiwa kimelala, unazungusha mpini kidogo, kibendera kinasimama na kuibonyeza pini. Ni kuzungusha, usinyanyue. Vile ulivyosugua kutoka kwenye chuma cha waipa ni chuma kizuri, lakini tazama kama kibendera hakikuwa kipana mno, kinagusa pini mbili kwa mara moja. Kingo zake zilainishe kwa msasa, la sivyo zinakwaruza na kukupotezea hisia. Na chuma cha kukazia kikae ukingoni kabisa mwa tundu, kisizibe njia ya kibendera.

Usifuate pini kwa mpangilio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zinakaza kufuatana na jinsi kiwanda kilivyotoboa matundu, moja imepinda unywele mmoja kuliko mwenzake, hiyo ndiyo inayobana kwanza. Itafute inayobana, iweke, kisha tafuta nyingine iliyoanza kubana.

Na kabla ya hayo yote ifungue hiyo silinda uione ndani. Unatoa kibati cha kushikilia kiini, unageuza ufunguo kidogo, unakisukuma kiini nje huku kijiti cha unene uleule kikikifuata nyuma ili pini za nyuma na springi zisiruke. Mninga uliochongwa vizuri unatosha. Toa pini zote, ubakize jozi mbili tu. Zikifunguka kila unapojaribu, ongeza ya tatu. Zile zenye kiuno ziweke mwisho, moja moja, uisikie kila moja inavyonasa ikiwa peke yake. Nunua silinda zenye funguo zake, hata ukizipata kwa wauza vyuma chakavu au kwa mafundi wanaobadilisha milango huko Ilazo na Nzuguni, maana bila ufunguo huwezi kujua kama umeshindwa wewe au silinda yenyewe imekufa.

Neno moja la vumbi. Silinda iliyotoka kwenye mlango wa Dodoma imejaa mchanga laini, na humo kila pini inakwaruza kama inabana hata kama haibani. Ioshe kwa petroli kidogo nje ya nyumba, mbali na jiko na watoto, uikaushe. Usitie mafuta ya kula, nimeona kaunta vitasa vilivyokaangwa hivyo, vinanasa vumbi ndani ya mwezi mmoja vinakuwa tope. Tia unga wa grafiti, na ukikosa, saga risasi ya penseli laini upulizie kidogo tundu la ufunguo. Hiyo hiyo itie kwenye silinda mpya ya mlangoni mtakapoifunga, kwa ruhusa ya mwenyewe.